Kompyuta kuukuu kuwa seva ya faili nyumbani, bila monita

Seva isiyo na monita ina mtihani mmoja: umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, iwake yenyewe mpaka folda zionekane kwenye simu na laptopu bila mtu kuigusa. Kugawana faili kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachosumbua ni huko kuwaka.

1. Mashine

Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq Elite 8300, zile za 2012 zinazouzwa mtumba baada ya kutolewa maofisini, zinatosha kabisa. RAM ya GB 4 ni nyingi kwa kazi hii. Mfumo uwe kwenye SSD ndogo, faili ziwe kwenye diski yake peke yake, usichanganye. Pentium 4 waachie wanunua chuma chakavu. Mashine inayokula wati 30 usiku na mchana hutumia uniti 21.6 za umeme kwa mwezi, na hizo za zamani hupita hapo kwa mbali.

Laptopu inafaa kwa kuwa betri yake ni UPS (umeme wa akiba) ya bure, ila ikivimba itoe siku hiyohiyo. Nyingi pia haziwezi kujiwasha betri ikishakwisha kabisa.

Tumia kebo ya mtandao, si Wi-Fi, na hakikisha ruta ina tundu za gigabiti. Tundu la megabiti 100 halizidi MB 12 kwa sekunde, yaani faili ya GB 4 itachukua kama dakika sita.

2. Mfumo

Debian (aina ya Linux), bila mjadala. Windows kwenye seva isiyo na monita itajizima na kujiwasha kwa ajili ya masasisho wakati inaoutaka yenyewe. Kama prosesa ni ya biti 32, chukua Debian 12, maana toleo la 13 halina tena kisakinishi chake. Nywila ya root (mtumiaji mkuu) iache tupu ili mtumiaji wako apewe sudo (ruhusa ya kutoa amri za msimamizi). Kwenye orodha ya programu ondoa alama kwenye desktop zote, weka kwenye SSH server (huduma ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali).

Ingia kwenye ruta, iwekee mashine anwani ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC (kitambulisho cha kadi yake ya mtandao), mfano 192.168.1.10. Kuanzia hapo unafanya kazi ukiwa kwenye kompyuta yako: `ssh jina@192.168.1.10`. Kwa laptopu, weka `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, la sivyo ukifunga kifuniko inalala.

3. Iwake yenyewe (usiruke hapa)

Monita na kibodi viache vimechomekwa kwanza. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) wakati inawaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi, Dell wanauita AC Recovery, HP wanauita After Power Loss. Chagua Power On au On. Usichague Last State: ukiizima mwenyewe kisha umeme ukakatika, haitawaka. Halafu zima ukaguzi wa kibodi, maana mashine nyingi za umri huo zisipoiona hugoma na kusubiri mtu abonyeze F1 kwenye kibodi ambayo haipo.

Sasa betri ya CMOS, ile ya duara, CR2032. Kwenye kompyuta ya miaka kumi na kitu huenda imekufa, na huwezi kujua mpaka uchomoe waya wa umeme. Ikifa, mipangilio uliyoweka sasa hivi inaweza kurudi ilivyokuwa, saa inapotea, na mashine inasimama na ujumbe wa saa ikisubiri F1. Ukiangalia kwa nje taa inawaka na feni inazunguka, ila haijibu ping (amri ya kuuliza kama mashine ipo mtandaoni). Watu hulaumu ruta. Badilisha betri bila hata kupima. Ni ya bei ndogo.

Kikwazo cha pili ni `/etc/fstab`, faili inayoorodhesha diski za kupachikwa (kuunganishwa na folda) mashine inapowaka. Usiandike `/dev/sdb1`, kwa sababu majina hayo hubadilika ukichomeka diski nyingine. Pata UUID (kitambulisho cha kudumu cha diski) kwa `lsblk -f`, uandike:

`UUID=... /srv/faili ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Bila `nofail`, diski ikichelewa au ikifa, mfumo husubiri (kwa kawaida sekunde 90) kisha huingia hali ya dharura, kabla SSH haijawaka. Na kwa kuwa root haina nywila, hata ukileta monita hutaingia kirahisi.

Lakini `nofail` ina madhara yake. Diski isipopachikwa, `/srv/faili` inabaki folda tupu kwenye SSD, na picha za familia zitamiminika humo hadi SSD ijae. Dawa yake ni kuifunga folda hiyo kabla ya kupachika:

`sudo mkdir /srv/faili && sudo chattr +i /srv/faili`

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, `sudo findmnt --verify`, `sudo mount -a`. NTFS (muundo wa diski wa Windows) iepuke, ruhusa zake zitakuchosha, tumia ext4, ule wa Linux.

Mwisho izime kwa `sudo poweroff`, chomoa monita, kibodi na waya wa umeme. Subiri nusu dakika, rudisha waya wa umeme peke yake. Ping ikijibu, izime tena, ondoa waya wa diski ya faili na urudie. SSH lazima ikubali mara zote mbili.

4. Samba

Samba ndiyo programu inayogawa folda kwa kompyuta na simu za mtandao wako. `sudo apt install samba`, tengeneza kundi `nyumbani`, kisha `sudo chgrp nyumbani /srv/faili` na `sudo chmod 2775 /srv/faili`. Chini kabisa ya `/etc/samba/smb.conf`:

```
[familia]
path = /srv/faili
valid users = @nyumbani
force group = nyumbani
read only = no
create mask = 0664
directory mask = 2775
```

Kila mtu apewe jina lake:

`sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G nyumbani asha`
`sudo smbpasswd -a asha`

Nywila ya Samba ni tofauti na ya Linux. Usihangaike na kuingia kama mgeni, Windows za sasa zinakataa. Kagua kwa `testparm`, washa upya `smbd`, na kwenye Windows andika `\\192.168.1.10\familia`.

Tundu 445 (namba ya mlango wa mtandao unaotumiwa na Samba) usilifungue kwenye intaneti kwa hali yoyote. WannaCry, programu hasidi ya 2017, ilisambaa kupitia hapo. Ukiwa safarini tumia WireGuard (VPN ya kuingia mtandao wa nyumbani).

5. Nakala

Diski mbili za RAID (zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja) si nakala: ukifuta faili, imefutika kwenye zote. Chomeka diski ya nje, ipachike `/mnt/nakala`, na weka amri hii ya rsync (programu ya kunakili faili) kwenye cron ya root, ratiba ya amri zinazojiendesha:

`mountpoint -q /srv/faili && mountpoint -q /mnt/nakala && rsync -a --delete /srv/faili/ /mnt/nakala/`

Hizo `mountpoint` mbili usizitoe. Siku diski kuu isipopachikwa, rsync itaona folda tupu, na `--delete` itafuta nakala yote ili ifanane nayo.