Saa mbili ipi?

Ukitengeneza tovuti yenye fomu ya miadi, usimwachie mteja kisanduku kitupu cha saa. Nilimtengenezea fundi cherehani mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga. Mama mmoja akaandika 2:00, kompyuta ikampangia saa nane usiku! Mwenyewe alikusudia saa mbili asubuhi, ambayo kwa kompyuta ni 08:00. Bahati fundi aliliona mapema, akacheka mpaka basi.

Siku hizi naweka orodha ya kuchagua: “Saa 2 asubuhi”, “Saa 10 jioni”. Programu yenyewe inahifadhi 08:00 na 16:00. Na seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ikiwa Ulaya, itajie jina la ukanda wetu wa saa: Africa/Dar_es_Salaam. Wenzetu kule husogeza saa mara mbili kwa mwaka, sisi tuko +3 siku zote, yaani masaa matatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa.