Jinsi ya kuchagua na kutumia kwa usalama hosi za haidroliki za thamoplastiki

Hosi ya thamoplastiki ina tabaka tatu. Ndani kuna mrija laini wa nailoni au poliesta unaopitisha mafuta. Katikati kuna msuko wa nyuzi za poliesta au aramidi (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana), na mara nyingine waya wa chuma, unaobeba presha. Nje kuna ganda la poliyurethani au nailoni linalokinga msuko usisuguliwe. Zile za nyuzi ni nyepesi kuliko hosi ya mpira yenye waya na uwezo uleule, na ganda lake huvumilia msuguano. Ndiyo maana zinafungwa kwenye mlingoti wa foklifti, kwenye mikono ya magari ya kazi za nyaya za umeme, na kwenye jeki za bar 700 (bar ni kipimo cha presha). Ila plastiki hii hulainika ikipata joto, na ikishakunjika ikaweka mkunjo hairudi tena katika hali yake. Hosi nyingi zinazokufa mapema zimefungwa na mtu aliyezichukulia kama za mpira.

Anza na joto na kimiminika

Watu wengi huanza na presha. Anza na joto. Hosi za viwango vya SAE (chama cha wahandisi cha Marekani) 100R7 na 100R8, kwa kifupi R7 na R8, zimekusudiwa kimiminika chenye nyuzi joto kuanzia -40 hadi 93 °C. Joto la nje nalo huhesabiwa: mafuta yanaweza kuwa na 60 °C tu, huku hosi ikipita jirani na ekzosi na ganda lake likilainika upande mmoja. Angalia pia kama mtengenezaji ana jedwali la kupunguza presha kadiri joto linavyopanda. Kama mashine yako hukaribia kikomo kila siku, chukua hosi ya mpira ya joto kubwa.

Mafuta ya madini kwa kawaida hayasumbui. Vimiminika vya maji na glaikoli vinahitaji kuulizia, kwa sababu maji ya moto huozesha mrija wa poliesta, na nailoni hunyonya maji. Vile vya fosfati esta (vimiminika visivyoshika moto kirahisi) visitumike kabla ya kuthibitisha kwenye jedwali la mtengenezaji kwa mrija na ganda pia. Mahali penye unyevu wa kudumu, omba ganda la poliyurethani ya aina ya polietha; ile ya aina ya poliesta huanza kupasukapasuka mapema.

Presha na kipimo

Hosi ya R7 yenye kipenyo cha ndani cha mm 6.4 hufanya kazi hadi bar 190 hivi. Ya mm 12.7 hadi bar 138. Kwa R8 ni takriban bar 345 na bar 241. Uwezo hushuka kipenyo kinapokua, kwa hiyo kusema “hii ni R8” bila kutaja kipimo hakujamaliza kitu.

Linganisha namba hizo na presha ya juu kabisa ya mfumo, pamoja na mishtuko. Valvu inapofungwa ghafla au mzigo unapodondoka, presha huruka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mshale wa geji ya kawaida hauwahi kuionyesha. Hosi hizi hupasuka kwa angalau mara nne ya presha ya kazi, lakini nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya uchovu na uchakavu. Usiihesabu kama akiba ya kutumia.

Kipenyo hupatikana hivi: gawanya mtiririko (lita kwa dakika) kwa kasi unayotaka (mita kwa sekunde), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.6, jibu ni milimita. Kwa laini ya presha (njia ya mafuta yanayotoka pampu), kasi ya mita 4 hadi 6 inafaa. Kwa laini ya kurudi, 2 hadi 4. Mfano: lita 35 kwa kasi ya 5 zinatoa mm 12.2, basi chukua mm 12.7. Hosi nyembamba kupita kiasi hupasha mafuta joto, na joto ndilo adui wa hosi hii. Laini ya kunyonya ya pampu iache kabisa, isipokuwa hosi imeandikwa kuwa inahimili ombwe. Mrija unaweza kubonyea ndani na pampu ikakosa mafuta.

Rangi ya chungwa

Ganda la chungwa kwenye R7 ni ishara kwamba hosi haipitishi umeme. Katika kipimo cha kiwango hicho, kila mm 305 za urefu huwekewa kilovolti 75 kwa dakika 5, na mkondo unaovuja hautakiwi kuzidi mikroampea 50. Kazi ya karibu na nyaya za umeme haina mbadala wa hosi hii. Hosi nyeusi, hata kama ni ya nyuzi tupu, haijapimwa kwa kazi hiyo.

Tazama ganda lake kwa makini. Hosi zinazopitisha gesi hutobolewa vitundu vidogo sana kwenye ganda ili gesi inayopenya mrija itoke, la sivyo ganda huvimba malengelenge. Hosi ya chungwa haitakiwi kuwa na kitundu hata kimoja, kwani unyevu ukiingia kwenye msuko kinga ya umeme imekwisha. Kwa sababu hiyohiyo, mkwaruzo uliofika kwenye nyuzi, springi ya chuma iliyovalishwa juu ya hosi kama kinga, au matope yaliyoganda kotekote vinaiondolea sifa yake.

Kwenye mashine za kupuliza rangi kwa presha mambo hugeuka. Huko umeme tuli unaweza kuwasha mvuke wa rangi, na hosi inatakiwa iwe na njia ya kuupeleka ardhini. Hosi ya chungwa huko ni hatari.

Kukata na kubana fitingi

Tumia fitingi (viungo vya chuma vya mwisho wa hosi) ambazo mtengenezaji wa hosi amezitaja kwa hosi hiyohiyo. Uzi wa nati kuingia vizuri hauonyeshi kwamba shina la fitingi (linaloingia ndani ya mrija) na kikombe chake (kinachobanwa juu ya hosi) vinaelewana na mrija.

1. Kata kwa kisu kikali au mashine ya kukatia, wima kabisa. Msumeno wa meno huacha nyuzi zimechanika na chembe ndani.
2. Safisha ndani ya hosi kwa hewa kavu au vidonge vya sponji. Vaa miwani.
3. Pima kina cha kuingia kwa kutumia fitingi yenyewe, weka alama kwenye ganda, kisha sukuma hadi alama ifike ukingo wa kikombe.
4. Bana kwa dai (taya za mashine ya kubania) na kipimo cha jedwali la mtengenezaji. Pima kipenyo cha kikombe katikati ya urefu wake, sehemu tatu au nne kuzunguka.
5. Ingiza geji ya kijiti cha kupimia kwenye tundu la shina kuhakikisha halijaminywa.

Ikibanwa kidogo, fitingi huchomoka. Ikibanwa mno, mrija hupasuka chini ya kikombe; mpira ungejaza pengo kidogo, nailoni haifanyi hivyo. Fitingi iliyokwisha kubanwa haitumiki tena.

Kabla ya kufunga, toa hewa na upime kwa mara mbili ya presha ya kazi kwa sekunde 30 hadi 60, ukiwa nyuma ya kinga, kwa maji au mafuta. Usitumie hewa.

Kufunga

Hosi ya R7 au R8 ya mm 12.7 isipindwe chini ya nusukipenyo cha mm 178. Acha sehemu iliyonyooka baada ya kikombe, angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha nje, kabla pindo halijaanza. Urefu wake hubadilika hadi asilimia 3 ikipata presha, basi isivutwe ikanyooka kabisa. Shika fitingi kwa spana ya pili unapokaza nati. Mstari wa maandishi ukizunguka hosi, umeisokota, legeza uanze upya.

Ukaguzi na uvujaji

Usitafute kivujio kwa mkono hata kama umevaa glovu. Mafuta yanaweza kupenya ngozi kwa presha ya bar 7 hivi. Zima mashine, shusha mzigo, ondoa presha, ndipo ukague. Ikibidi kutazama ikifanya kazi, pitisha kipande cha kadibodi ukiwa mbali. Mtu akichomwa na mafuta, kidonda huonekana kidogo na mara nyingi hakiumi sana mwanzoni. Mpelekeni hospitali papo hapo pamoja na jina la kimiminika, kwa sababu anaweza kuhitaji upasuaji ndani ya saa chache.

Ondoa hosi yenye nyuzi zilizo wazi, malengelenge, fitingi iliyosogea, ganda lililolainika au kukakamaa, au iliyokunjika. Mkunjo mara nyingi huacha alama nyeupe kwenye plastiki hata baada ya hosi kunyooshwa, na hapo mrija umeshadhoofika. Usiufunge kwa tepu wala kuupasha moto. Kata hosi hiyo vipande viwili kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuifunga kwenye mashine nyingine.