Kutengeneza mshipi wa boya unaomfuata nduaro kilindini

Wavuvi wengi huita nduaro kila samaki mwenye mdomo mrefu. Hapa namzungumzia mmoja tu, Xiphias gladius, yule mwenye mdomo bapa kama upanga, ambaye akikomaa hana meno na hana mapezi ya tumbo. Nalisema hili mapema kwa sababu huwezi kuunda zana ya kuchagua samaki kama hujui unamchagua yupi.

Kwa miaka mingi tulidhani uchaguzi uko kwenye tundu la wavu. Jarife la nduaro la California, wavu mkubwa unaoachwa uelee, lina matundu ya zaidi ya sentimita 35, na samaki mdogo hupita bila kuguswa. Lakini jarife hilo huelea usiku kucha karibu na uso wa bahari, na usiku huko juu wamo nduaro, papa, kasa, pomboo na nyangumi kwa pamoja. Hakuna tundu litakalowatenganisha wakubwa hao. Mwaka 2018 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuyaondoa majarife hayo, na Desemba 2022 ikafuata sheria ya Marekani nzima. Mshipi ninaoueleza hapa ulianza kujaribiwa huko huko mwaka 2011, na watafiti wa taasisi ya PIER wakishirikiana na wavuvi. Unamtenga nduaro kwa kina na kwa saa.

Hatua ya 1: Jua yuko wapi na saa ngapi

Mchana nduaro hushuka mita 250 hadi 400, pengine zaidi, akiwafuata ngisi na samaki wadogo wanaoukimbia mwanga. Jua likizama hupanda nao. Anaweza kuwinda kwenye baridi na giza la huko kwa sababu sehemu ya misuli ya macho yake imegeuka kuwa jiko: inapasha joto macho na ubongo hata maji yanayomzunguka yakiwa baridi. Kasa na pomboo lazima warudi juu kuvuta pumzi, na muda wao mwingi huupitisha huko juu. Mwanya huo wa mchana ndio tunaoutumia.

Washa ekosaunda, kifaa kinachoonyesha kwa mwangwi kilicho chini ya chombo, kabla ya alfajiri. Utaona utando mzito wa viumbe ukishuka polepole kadiri mwanga unavyoongezeka, kisha ukatulia. Andika kina ulipotulia. Ndoana zako zikae ndani ya utando huo au chini yake kidogo. Fanya hivyo siku tatu au nne kabla ya kukata hata mita moja ya mshipi, maana utando hautulii mahali pamoja kila siku.

Hatua ya 2: Funga mshipi

Kila boya lina mshipi wake mmoja unaoshuka wima. Tumia nailoni nene ya uzi mmoja, kama milimita 2, urefu wa mita 300 au zaidi kulingana na kina ulichokiandika. Mwisho wake weka chubwi, uzito wa kuuzamisha, ya kilo 4. Juu ya chubwi funga matawi mawili mafupi yenye ndoana, yakiwa mbali vya kutosha yasigusane. Penye kila kiungo weka swiveli, kile kipande kinachozunguka ili mshipi usijisokote, na bana kwa vibano vya chuma badala ya fundo. Fundo kwenye nailoni nene huteleza au hukata uzi wenyewe.

Usipunguze uzito wa chubwi kwa ajili ya kuokoa mgongo. Mshipi uliokaza hauna kitanzi, na mnyama akiugusa anateleza tu akaenda zake. Msimu wangu wa kwanza nilifunga mita 10 za juu kwa kamba ya plastiki inayoelea, kwa kuwa ni rahisi kuishika kwa mkono. Asubuhi moja mkondo ulilala, kamba ikalegea na kujikunja juu ya maji. Kasa akaibuka kuvuta pumzi katikati yake, pezi moja la mbele likiwa chini ya kitanzi. Nilizima injini nikabaki kumtazama bila kusogea. Alivuta pumzi mara mbili, akazama, na kitanzi kikamwacha. Kamba hiyo niliikata siku ile ile, na tangu hapo kuanzia boya hadi chubwi ni nailoni iliyokaza.

Hatua ya 3: Hesabu mwinamo

Hapa ndipo wengi hupoteza msimu mzima. Mita 300 za mshipi si mita 300 za kina. Mkondo ukiuinamisha kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima, ndoana zako ziko kama mita 260. Ukifika nyuzi 45, ziko mita 212, na unaweza kuwa umetoka kabisa kwenye utando. Funga kirekodi kidogo cha kina juu ya tawi la chini, ukisome kila jioni, na urefushe mshipi au uongeze uzito kwa kadiri ya kilichorekodiwa. Macho hayatakuambia, kwa sababu kutoka juu mshipi unaonekana umenyooka hata ukiwa umepinda chini.

Hatua ya 4: Ndoana na chambo

Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani, ukubwa wa namba 16/0 hadi 18/0. Chambo, ngisi au kibua mzima. Kina ndicho kinachofanya kazi kubwa, lakini ndoana ni kinga ya pili: ya duara hushika zaidi pembe ya mdomo kuliko tumbo, hivyo asiyetakiwa anaachiliwa akiwa hai. Majaribio ya mishipi mirefu yenye ndoana nyingi katika Atlantiki ya kaskazini, 2001 hadi 2003, yalionyesha kwamba ndoana ya duara ya 18/0 ikiwa na chambo cha kibua hupunguza sana kasa wanaonaswa.

Hatua ya 5: Boya linalosema

Weka boya kubwa gumu la kubeba uzito, na kando yake chelezo kidogo kirefu cha kuonyesha. Chubwi ikivuta, chelezo husimama wima. Samaki akishika, mambo ni mawili: ama anakizamisha, ama, na hili ndilo huwapita wageni, anapanda na chubwi yake, mshipi unalegea, na chelezo kinalala ubavu. Kwa hiyo chelezo kilicholala kifuate kwa haraka ile ile kama kilichozama. Kipake rangi mbili, juu nyekundu na chini nyeupe, uone mabadiliko ukiwa mbali.

Hatua ya 6: Tupa, kaa, vuta

Tupa baada ya jua kuchomoza. Sheria ya Marekani iliyoruhusu zana hii rasmi mwaka 2023 inaweka kikomo cha maboya 10 kwa chombo, kila moja ndoana zisizozidi tatu, nayo yanatakiwa yawe yameshapandishwa si zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama. Hata kama kwenu hakuna sheria kama hiyo, shika idadi hiyo, na omba kibali cha majaribio kwa mamlaka yako ya uvuvi.

Unapovuta, usishindane naye. Nyama ya mdomo wa nduaro ni laini na ndoana huipasua. Vuta akikubali, achia akikataa. Mtoe damu mara moja, kisha barafu. Samaki aliyekaa dakika chache kwenye ndoana ana nyama bora kuliko aliyekufa wavuni usiku, na tofauti hiyo ndiyo inayolipa uchache wa ndoana zako.

Hatua ya 7: Jaribu na uandike

Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kina, au chambo, au ukubwa wa ndoana. Andika saa ya kutupa na ya kuvuta, kina cha kirekodi, nani alishika, na hali yake alipoachiliwa. Siku tupu nazo ziandike, maana bila hizo hujui zana inavua kiasi gani kwa saa.

Anza na maboya manne. Ukiongeza, ongeza mawili mawili, na kila mara pima dakika unazotumia kufikia lililo mbali zaidi tangu chelezo chake kibadilike. Zikizidi 20, rudisha mawili chomboni.