Namna ya kumsimamia mama mzee anayehofiwa kupata mshtuko wa moyo

Mwanamume wa miaka 50 akiingia mapokezi kashika kifua, kila mtu huwaza moyo. Mama wa miaka 76 mwenye tatizo lilelile ni rahisi apewe dawa ya vidonda vya tumbo, au aambiwe ni uzee. Anayemsindikiza ana kazi ya kufanya.

Kabla hamjatoka, andika saa dalili zilipoanza. Kama hana mzio wa aspirini wala hatokwi na damu, atafune miligramu 300: kidonge kimoja kikubwa, au vinne vya 75.

Mapokezi usianze na habari za tumbo. Sema: "Tunahofia moyo, imeanza saa mbili asubuhi, tunaomba ECG," yaani mchoro wa umeme wa moyo. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu hata kwa wanawake, ila kwa wazee na wenye kisukari yanaweza yasiwepo kabisa, kukabaki pumzi kubana, jasho la baridi, kutapika, kuzirai au kuchanganyikiwa ghafla. Ukisema "kachoka tu," mtakaa kwenye foleni.

ECG ifanyike ndani ya dakika 10 tangu mfike. Hapa aibu huharibu kipimo: sidiria haivuliwi, au waya hubandikwa popote penye nafasi, na mchoro unakuwa si sahihi. Sidiria ivuliwe, titi linyanyuliwe, V4 (waya wa nne wa kifuani) ikae chini yake, kati ya ubavu wa tano na wa sita, usawa wa katikati ya mtulinga. Khanga itamsitiri. Muuguzi wa kike akiwepo ni vizuri, asipokuwepo, msimsubiri.

ECG safi haijamaliza mambo. Dalili zikiendelea irudiwe, na troponini (protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia) ipimwe mara mbili kwa kupishana saa chache, maana damu iliyotolewa mapema mno inaweza isionyeshe kitu. Uliza kikomo cha wanawake: kwenye kipimo kimoja cha kisasa cha troponini I ni nanogramu 16 kwa lita, cha wanaume 34. Kwa hiyo 25 ya mama si "kawaida."

Mshipa ukionekana umeziba, huzibuliwa kwenye cathlab (chumba maalumu cha kuzibulia mishipa ya moyo), kama ile ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ikiwa hauwezi kuzibuliwa ndani ya dakika 120, na saa 12 hazijapita, hutolewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Ndipo utasikia "umri umekwenda." Umri peke yake si kizuizi. Kuvuja damu kichwani kwa mzee ni hatari ya kweli, ndiyo maana dozi ya tenekteplasi, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha, hupunguzwa nusu kuanzia miaka 75. Kupunguza si kunyima. Uliza kizuizi hasa ni kipi: aliwahi kuvuja damu kichwani? Kafanyiwa upasuaji mkubwa karibuni? Jibu liandikwe kwenye faili pamoja na saa, na akipewa rufaa, nakala ya ECG ya kwanza iende naye.