Buti za ofisini Canada: ogopa chumvi kuliko theluji
Ukihamia Toronto au Montreal, kinachoua buti za ngozi ni chumvi. Manispaa huimwaga barabarani iyeyushe barafu, nayo huzama kwenye ngozi pamoja na maji. Maji yakikauka, chumvi hubaki: utaona mstari mweupe juu ya soli, kisha ngozi inakakamaa na kupasuka pale mguu unapokunjika. Kiwi haisaidii hapo. Ukiipaka juu ya chumvi, umeifungia ndani.

Safisha jioni ileile, usingoje Jumamosi. Siki nyeupe kipimo kimoja, maji vipimo viwili; chovya kitambaa, kamua, futa buti nzima, maana ukifuta mstari peke yake doa litabaki. Rudia kwa maji matupu. Jaza magazeti ndani, yabadilishe baada ya saa moja, laza buti ubavu soli ipate hewa, uziache saa 24 hadi 48. Mbali na hita! Mgeni akiona hita chini ya dirisha hudhani ndipo pa kuanikia. Joto lile hunyonya mafuta ya ngozi na kulegeza gundi ya soli. Hata ukichelewa kazini, mbali na hita. Zikikauka, mafuta ya ngozi kidogo, ndipo kiwi. Kwa hiyo uwe na jozi mbili za kupokezana.

Soli iwe ya mpira yenye meno. Ya ngozi huteleza kwenye barafu. Mshono wa ukingoni usikudanganye, kwani kuna wa mapambo juu ya soli ya gundi. Muulize muuzaji kama soli inabadilishika. Zilizoshonwa kwa mtindo wa Goodyear, yaani soli imeshonwa kwenye ukanda unaozunguka buti, hubadilishwa. Za gundi zikiachia, wengi huku hutupa tu, na inauma, kwa sababu fundi wa kona kule kwetu angezishona zikavaliwa miaka. Jambo moja nawapenda Wakanada: huvua viatu mlangoni kama sisi. Buti za Chelsea zenye elastiki pembeni hukuondolea adha ya kamba.

Na ninyi wadogo zetu mnaoagiza kutoka nyumbani, msituandikie “namba 9” mkanyamaza. Canada hutumia namba za Marekani: 9 ya kiume ya huku ni takriban 8 ya Uingereza, au 42 ya Ulaya. Simama juu ya karatasi jioni, umevaa soksi, chora miguu yote miwili, tuma sentimita za ule mrefu. Mzigo ukishafika Dar, kuurudisha dukani kunaweza kugharimu karibu bei ya buti.