Kabla hujaomba picha zako zikosolewe

Anayejifunza kupiga picha za nje huwahi mno kuomba maoni. Anatuma picha arobaini kwa WhatsApp, anauliza "zikoje?", anajibiwa "nzuri sana", basi. Hakuna aliyekosa adabu hapo, wala hakuna aliyejifunza.

Chukua mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako wengi huenda kujaribu kamera. Cha kuangalia kwanza, siku kadhaa kabla, ni mwezi. Kinamama wa mwani huingia shambani maji yakipwa, na hupwa zaidi siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji huwa yamekwenda mbali kwenye saa nne, saa tano asubuhi, jua limeshapanda. Niliwahi kumwambia mwanafunzi, kwa kujiamini kabisa, "ungekwenda alfajiri, mwanga ni laini." Akanitazama tu. Alfajiri shamba bado limefunikwa na maji! Tangu siku hiyo sikosoi picha kabla sijajua ilipigwa saa ngapi na maji yalikuwaje, kwa hiyo njoo na habari hizo.

Kwa kuwa jua kali hulikwepi, jiandae nalo. Mchanga mweupe na maji yanayometa huidanganya kamera: inadhani mwanga umezidi, inaipunguzia picha, na uso wa mama aliyevaa ushungi unakuwa kivuli kitupu. Kwenye mpangilio wa kufidia mwanga ongeza hatua moja, yaani +1, upige tena, kisha tazama kioo cha nyuma ya kamera. Anga likipauka kabisa, amua kipi muhimu, uso au mawingu. Uamuzi huo ndio mkosoaji anaotaka kuusikia, maana "uso ni mweusi" ni jambo moja, na "nilitaka uso uonekane, nikashindwa" ni jingine. La pili lina dawa.

Betri, nafasi kwenye kadi, kitambaa kikavu cha kufutia lenzi: haya unayajua. Chumvi ya bahari ikikauka kwenye lenzi, picha nzima huwa na utando, na watu watalaumu kamera yako bure.

Kabla ya kuinua kamera, amkia na uombe ruhusa. "Shikamoo, bibi. Naomba nikupige picha ukiwa kazini." Akikataa, iteremshe. Mimi huuliza kama uliomba ruhusa kabla ya swali lolote la mwanga, na picha ya kuibia siikosoi hata iwe nzuri vipi.

Ukirudi nyumbani, ziache zilale usiku mmoja. Kesho yake chagua tano, na moja kati ya hizo iwe iliyoharibika, ile inayokuuma. Usizikate wala kuzikoleza rangi; mpe mtu faili asili, na kwa WhatsApp itume kama hati, kwani ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na taarifa za kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) hupotea. Chini ya kila moja andika sentensi moja: ulitaka kuonyesha nini. Kisha uliza jambo mahususi. "Mstari wa bahari unamkata shingoni, ningechuchumaa au ningesimama juu ya ngalawa?" Swali la namna hiyo hata mtu mvivu wa kujibu atalijibu.

Mkosoaji anapozungumza, usijitetee. Andika. Akisema "haina mvuto", mwombe akuonyeshe kwa kidole jicho lake lilipokwama; asipoweza, yaache maneno hayo yapite. Ukiwa wewe ndiye unayemkosoa mwenzio, shika kanuni hiyo hiyo, kidole kwanza.

Huenda ukaondoka na makosa manane. Usiyabebe yote. Chagua moja, labda lile la shingo na mstari wa bahari, urudi nalo bamvua lijalo, wiki mbili hivi baadaye.