Besi Wakigoma: Kuvua Bwawa Lililonyamaza

Bwawa lililotoa samaki sita wa aina ya besi wiki iliyopita kabla ya saa mbili asubuhi, leo halitoi hata mdonoo. Hapo wengi hufungua kisanduku na kuanza kubadilisha chambo: chekundu, cha kijani, chenye kijiko cha bati kinachometa, kisicho na kijiko. Ikifika adhuhuri wameshafunga mafundo ishirini, na majini chambo hakijakaa hata nusu saa. Rangi ndiyo ya mwisho kubadilishwa. Anza na mahali, kisha kina, kisha mwendo.

Maelezo haya ni ya mabwawa madogo ya Marekani, ya ekari moja hadi tano, yale ya mashambani na ya mitaa ya makazi, ambako anayevuliwa ni besi mdomo mpana. Ndiye huyohuyo aliyepelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, kwa hiyo waliomzoea huko watamtambua: mstari mweusi ubavuni, na taya la juu linalopita nyuma ya jicho. Kabla ya yote, soma masharti ya leseni ya jimbo ulilopo na uombe ruhusa kwa mwenye bwawa. Hata ukimrudisha samaki majini, majimbo hukutaka uwe na leseni, na nafuu zilizopo kwa mabwawa ya watu binafsi hutofautiana.

Beba kipimajoto. Cha jikoni kinatosha. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, besi hula kidogo na hafukuzi kitu. Chambo lazima kimfikie puani na kikae hapo. Kati ya nyuzi 16 na 20, majira ya kuchipua, madume wako kwenye viota karibu na ukingo, na majike yakishataga hujificha na kususa kwa muda. Ukiona vidume vidogo tu wiki nzima, usidhani wakubwa wamevuliwa wote: wanapumzika kwenye maji yenye kina kirefu kidogo zaidi, jirani na hapohapo walipotagia. Yakipita nyuzi 29, tatizo si joto lenyewe, ni hewa ndani ya maji.

Hapo ndipo wavuvi wengi hupotea. Husikia kwamba wakati wa joto samaki hushuka chini kwenye ubaridi, basi hutupa mshipi katikati ya bwawa, kwenye shimo refu kuliko yote. Kwenye ziwa kubwa huenda wakapata. Kwenye bwawa dogo la kiangazi maji ya juu ni moto na mepesi, ya chini ni baridi na mazito, na hayachanganyiki. Majani na matope yaliyooza chini humaliza oksijeni yote ya huko, na hakuna nyingine inayoshuka. Shimo la mita nne linaweza kuwa halina samaki hata mmoja kuanzia mita mbili kwenda chini. Kulijua hilo ni rahisi: funga kipimajoto pamoja na chubwi, shusha nusu mita, subiri dakika moja, vuta usome, shusha tena. Mahali joto linapoporomoka ghafla ndipo mpaka ulipo. Vua juu yake. Kama huna kipimajoto, buruta chubwi nzito chini kabisa uilete. Ikipanda na tope jeusi linalonuka yai viza, huko hakuna cha kuvua.

Jambo jingine la hewa linapingana na mazoea yetu ya kudamka. Bwawa lenye maji ya kijani kibichi na magugu tele huishiwa oksijeni usiku, maana mimea nayo hupumua gizani bila kuitengeneza. Alfajiri ndipo huwa kidogo kuliko saa zote. Bwawa la namna hiyo, hasa baada ya siku mbili tatu za mawingu, mara nyingi huamka saa tatu au nne asubuhi, na huwa zuri zaidi jioni. Ukikuta samaki wamejaa juu wakihema midomo wazi, kunja mshipi. Atakayepigana na ndoano katika hali hiyo hatapona hata ukimwachia. Mpigie mwenye bwawa simu awashe kipuliza hewa.

Kuna kimya cha aina nyingine, kile kinachofuata dhoruba: mvua imepita, upepo umegeuka, anga ni buluu tupu na jua linachoma macho. Samaki hawajahama. Wamejibana ndani ya mayungiyungi, chini ya gati, kwenye matawi ya mti ulioanguka, na kilichopita umbali wa mita mbili hakiwahusu. Ulikuwa unatupa kando ya magugu. Sasa tupa ndani yake, kwenye kila tundu, na kila tundu ulipe mitupo mitatu au minne kabla ya kusogea.

Kwa kazi hiyo funga mnyoo wa plastiki wa inchi 6 usionasa magugu. Pitisha mshipi kwenye chubwi ya umbo la risasi, thumni moja ya wakia, ncha ikielekea juu kwenye fimbo. Funga ndoano yenye shingo iliyokunjwa, namba 3/0. Chomeka ncha kichwani mwa mnyoo kwa nusu sentimita, itoe ubavuni, vuta mpaka tundu la ndoano lizame kichwani, igeuze, kisha itoboe mwili kutokea chini hadi ncha ifike karibu na ngozi ya upande wa juu bila kutokeza. Ushike mshipi, mnyoo uning'inie. Lazima uwe umenyooka kama penseli. Ukipinda hata kidogo utazunguka kila unapovutwa, mshipi utajisokota, na samaki mwenye wasiwasi hatausogelea. Usisahihishe kwa kuuvuta mwili. Chomoa ndoano, pima tena, toboa mahali papya.

Penye uwazi, chambo cha kimya ni mnyoo mnene wa inchi 5 uliotundikwa katikati, bila chubwi. Vika mpira mdogo wa duara kiunoni mwake, pitisha ndoano ndogo ya 1/0 chini ya mpira, basi. Bila mpira huo mnyoo hukatika kila samaki mmoja au wawili. Mshipi uwe mwembamba, wa kuhimili pauni 8, wa florokaboni, aina ya plastiki, kwa kuwa huzama na hauonekani sana. Tupa, kisha usifanye lolote. Mnyoo unashuka wenyewe ncha zote mbili zikitetemeka, na huko kushuka ndiko kunakomvuta samaki. Anayeuharakisha kwa rili, gurudumu la kukunjia mshipi, anaharibu kitu pekee kinachoufanya ufae.

Kugundua ameumeza ni kazi ya macho. Besi hunyonya chambo pamoja na maji na akikishuku hukitema mara moja, mara nyingi bila mkono kuhisi kitu. Kwa hiyo hesabu. Tangu mnyoo uguse maji mpaka mshipi ulegee chini, labda ni kumi. Mtupo unaofuata, mahali palepale, mshipi umelegea kwenye nne: haujafika chini, kuna aliyeudaka. Mshipi ukitembea pembeni, au ukiruka kidogo kama uliopigwa kwa kidole, ni yeye. Kwa ndoano ndogo iliyo wazi usinyakue. Kaza mshipi kwa rili na uegemeze fimbo polepole. Kwa ile iliyofichwa ndani ya mnyoo ni kinyume, kaza kwa nguvu, kwa sababu ncha lazima ipasue plastiki kwanza.

Kati ya mivuto subiri. Sekunde kumi kwenye maji ya baridi ni chache, kumi na tano ni sawa. Inachosha, na ndiyo sababu wengi hawaifanyi.

Baada ya hayo yote, sasa rangi. Maji ya wazi: kijani cha boga au kahawia. Maji ya tope: nyeusi au buluu iliyoiva. Penye kamba wa maji baridi, kahawia yenye wekundu. Imetosha.

Usisahau miguu yako. Kwenye bwawa dogo samaki wengi wako mita mbili tatu kutoka ukingoni, na kishindo cha viatu huwafikia kabla ya chambo. Simama hatua kadhaa nyuma ya maji, mitupo ya kwanza ipite sambamba na ukingo kabla ya kutupa mbali, na kivuli chako kiwe nyuma yako. Kwenye mabwawa ya mitaani, ambako kila jioni kuna mtu, samaki wameshaviona vijiko vyote vya dukani. Huko punguza ukubwa, mnyoo wa inchi 4 au hata 3.

Na kama kimya kimekuwa cha miezi, au unapata vidogo tu, pima samaki. Besi wa sentimita 30 mwenye afya hukaribia gramu 400. Ukikuta wengi wa urefu huo wana gramu 300, vichwa vikubwa na matumbo yaliyobonyea, bwawa lina midomo mingi kuliko chakula, na hakuna chambo kitakachotibu hilo. Mwonyeshe mwenye bwawa vipimo vyako. Akikubali na sheria ya jimbo ikiruhusu, wale wa chini ya sentimita 30 wasirudi majini; wapeleke jikoni.